Namna ya Kupanga Mustakabali wa Huduma za Afya ya Akili katika Mkoa

Kamati zinazopewa jukumu la kupanga huduma za afya ya akili katika mkoa zina mazoea ya kuanza na jengo. Kabla ya kikao cha kwanza kumalizika, wajumbe huwa wameshaanza kujadili wodi mpya, idadi ya vitanda na kiwanja kitakapopatikana, kwa sababu jengo linaonekana, linapimika na linazinduliwa. Mwongozo huu unapendekeza mwanzo mwingine. Kamati ijiulize: mtu aliyeruhusiwa kutoka wodini jana, leo yuko mikononi mwa nani, dawa zake za mwezi ujao zitatoka wapi, na akizidiwa usiku wa manane atapokelewa na nani? Mkoa unaoweza kujibu maswali hayo kwa kutaja kituo, cheo cha mhudumu na namba ya simu umeshapiga hatua kubwa. Mkoa usioweza kuyajibu, hata ukijenga hospitali ya ukubwa gani, utaendelea kuwalaza watu wale wale mwaka baada ya mwaka.

Ukubwa wa jambo lenyewe unajulikana. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 970, yaani mtu 1 kati ya kila 8 duniani, walikuwa wakiishi na tatizo la afya ya akili. Hata hivyo serikali kwa kawaida hutenga takriban asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa ajili yao, na katika nchi za kipato cha kati zaidi ya asilimia 70 ya fedha hizo huishia kwenye hospitali kubwa za magonjwa ya akili. Anayepanga huduma za mkoa anafanya kazi na fungu dogo ambalo sehemu yake kubwa imekwisha kuelekezwa mahali pamoja, na kila uamuzi wake unapaswa kupimwa kwa kujua hivyo.

Nani akae kwenye kamati

Kamati iundwe kabla takwimu yoyote haijakusanywa. Ni dhahiri kwamba daktari bingwa wa magonjwa ya akili, wauguzi na mganga mkuu wa mkoa watakuwemo. Wanaosahauliwa ni mfamasia, ambaye ndiye anayejua dawa huisha lini na kwa nini, mhasibu, afisa ustawi wa jamii, mwakilishi wa elimu, na polisi na magereza, ambao katika mikoa mingi huwapokea wagonjwa waliozidiwa kabla ya hospitali kuwaona. Viongozi wa dini na waganga wa jadi nao washirikishwe, kwa kuwa familia nyingi hupitia kwao kwanza, na ni afadhali mpango uwape njia ya kumpeleka mgonjwa hospitalini mapema kuliko kujifanya kwamba hawapo.

Muhimu zaidi ni watu waliougua wenyewe na ndugu wanaowauguza. Makundi haya mawili yasichanganywe, kwa sababu mahitaji yao wakati mwingine hupingana: ndugu aliyekesha wiki nzima anatamani mgonjwa alazwe ili naye apumue, ilhali mgonjwa anaweza kuwa na kumbukumbu chungu za kufungiwa na asitamani kabisa kurudi wodini. Kila kundi liwe na wajumbe wasiopungua wawili, kwa maana mjumbe mmoja aliyezungukwa na madaktari kumi huishia kuitikia tu. Walipwe posho ile ile wanayolipwa wajumbe wengine, wapewe nyaraka siku kadhaa kabla ya kikao zikiwa zimeandikwa kwa lugha nyepesi, na wawe na kura. Wakiitwa mwishoni kabisa ili kubariki rasimu iliyokwisha kuandikwa, hawajashirikishwa.

Kuhesabu mahitaji na kuhesabu kilichopo

Hakuna haja ya kusubiri utafiti mkubwa ili kuanza. Makadirio ya kimataifa yanatosha kwa rasimu ya kwanza, mradi kamati iyatumie kwa tahadhari. Tuchukue mkoa wa mfano wenye watu 500,000. WHO iliwahi kukadiria kwamba mtu 1 kati ya kila 300 anaishi na skizofrenia, ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo, hivyo mkoa huo ungetarajiwa kuwa na watu wapatao 1,670 wenye ugonjwa huo. Sonona, yaani huzuni nzito inayodumu, iliwahi kukadiriwa kuwapata asilimia 3.8 ya watu wote, ambao kwa mkoa huu ni watu 19,000. Kiwango cha kujiua cha dunia mwaka 2019 kilikuwa takriban vifo 9 kwa kila watu 100,000, yaani vifo vipatavyo 45 kwa mwaka katika mkoa wetu. Ikiwa eneo limepitia vita, makadirio yapandishwe sana: WHO inakadiria kwamba katika maeneo yaliyokumbwa na migogoro ndani ya miaka kumi iliyotangulia, takriban mtu 1 kati ya kila 5 ana tatizo la afya ya akili.

Namba hizo zikishapatikana zigeuzwe kuwa kazi. Kama kila mtu mwenye skizofrenia ataonwa mara moja kwa mwezi, na muuguzi mmoja anaweza kuwaona vizuri watu 12 kwa siku kwa siku 20 za kazi, basi muuguzi huyo atawaona watu 240 kwa mwezi, na mkoa unahitaji wauguzi 7 kwa ajili ya skizofrenia peke yake, bila kugusa sonona, kifafa, ulevi wala matatizo ya watoto. Hesabu hii ndogo ina nguvu mezani kuliko kurasa nyingi za maelezo, kwa kuwa mara moja inaonyesha kwamba wataalamu waliobobea hawatatosha kamwe wakifanya kazi peke yao. Takwimu za WHO za mwaka 2020 zinasema jambo lile lile kwa upana: nchi za kipato cha chini zilikuwa na wahudumu wa afya ya akili chini ya 2 kwa kila watu 100,000, wakati nchi za kipato cha juu zilikuwa nao zaidi ya 60.

Kisha kitazamwe kilichopo, na hapa rejesta za hospitali zina utajiri ambao haujachimbwa. Chukua rejesta ya wodi ya mwaka mzima uliopita na utafute mambo manne: waliolazwa zaidi ya mara moja ni wangapi, wanatoka vijiji au mitaa gani, walikaa kwa siku ngapi, na ni wangapi waliokwisha kupona lakini bado wamo wodini kwa sababu hawana pa kwenda. Mara nyingi kundi dogo la watu ndilo linalotumia sehemu kubwa ya vitanda, na kundi hilo hutoka maeneo yasiyo na kliniki wala dawa. Ramani ya makazi yao ndiyo inayoonyesha mahali pa kuweka huduma ya kwanza ya mpango.

Kufuata njia ya mgonjwa hatua kwa hatua

Baada ya hesabu, kamati ichukue watu watatu wa kubuni na kuwafuata tangu dalili ya kwanza: kijana wa miaka 19 aliyeanza kusikia sauti, mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita ambaye hali chakula, hapati usingizi na anajiona hafai, na mwanamume wa makamo mwenye ugonjwa wa muda mrefu ambaye ameacha dawa. Kwa kila mmoja iandikwe anaanzia wapi, nani anamgundua, anasafiri umbali gani, anasubiri kwa muda gani, nani anamwandikia dawa, na nani anajua kwamba hakuja siku yake ya kliniki. Kazi hii ifanywe pamoja na watu wanaohudumu kwenye hatua hizo hasa, si kwa kukisia ofisini.

Mapengo hujitokeza kwenye makutano: kati ya zahanati na hospitali, kati ya wodi na nyumbani, kati ya huduma za watoto na za watu wazima, na kati ya gereza na uraiani. Pengo la wodi na nyumbani ndilo la hatari kuliko yote. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba hatari ya mtu kujiua huwa juu sana katika siku na wiki za mwanzo baada ya kuruhusiwa kutoka wodi ya akili. Ndiyo sababu huduma za afya za Uingereza zimeweka lengo la kumfuatilia aliyeruhusiwa ndani ya saa 72. Mkoa wenye rasilimali chache unaweza kuanza na siku 7, lakini uanze. Mgonjwa asiondoke wodini bila tarehe ya kuonwa, jina la kituo cha karibu na kwake, dawa za kutosha hadi tarehe hiyo na, kwa ridhaa yake, simu iliyopigwa kwa mhudumu atakayempokea. Barua ya rufaa iliyotiwa bahasha na kukabidhiwa mgonjwa aliyechoka haitoshi, kwani nyingi hazifiki.

Huduma iliyo karibu na nyumbani

Msingi wa mpango uwe zahanati, vituo vya afya na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwaka 2008 WHO ilianzisha programu ya mhGAP, ambayo mwongozo wake unamsaidia mhudumu asiye bingwa kutambua na kutibu sonona, saikosisi (hali ya mtu kupoteza uhusiano na uhalisia), kifafa, matatizo ya pombe na dawa za kulevya, na hatari ya kujiua. Mwongozo huo ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini kosa linalojirudia ni kudhani kwamba mafunzo ya wiki moja yamemaliza kazi. Mhudumu aliyefundishwa na kuachwa hurudi kwenye mazoea yake baada ya miezi michache, hasa anapokutana na mgonjwa wa kwanza anayemtia hofu. Kwa hiyo kila mafunzo yaandikwe kwenye bajeti pamoja na usimamizi wake: ziara ya mtaalamu angalau mara moja kwa mwezi, ambapo anaketi na mhudumu, wanawaona wagonjwa wagumu pamoja, na kisha mhudumu anabaki na namba ya kupiga anapokwama. Nikilazimika kuchagua kati ya kuwafundisha wahudumu 100 bila usimamizi na kuwafundisha 30 wenye usimamizi, nitachagua 30.

Tiba ya mazungumzo nayo haihitaji kusubiri wanasaikolojia waongezeke. Jijini Harare, Zimbabwe, daktari bingwa Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango uitwao Friendship Bench, ambamo wanawake wazee wa jamii hufundishwa kumsaidia mtu kuyachambua matatizo yake na kuyatatua moja baada ya jingine, wakiwa wameketi kwenye benchi katika eneo la kliniki. Jaribio lililofanyika kwenye kliniki 24 na kuchapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Mpangaji asiishie kuiga benchi. Achukue pia yale yaliyoifanya ifanye kazi: wahudumu wanaoheshimika mahali pao, mbinu moja inayofundishika, dodoso fupi lililopimwa katika lugha ya watu husika, na utaratibu wa kumpeleka kwa mtaalamu mtu mwenye mawazo ya kujiua.

Wodi iwe ndani ya hospitali ya jumla

Vitanda bado vinahitajika, ila viwe vichache, viwe ndani ya hospitali za jumla, na visiwe mbali. Mgonjwa wa akili anayelazwa jengo moja na wagonjwa wengine hupata kwa urahisi vipimo vya damu na daktari wa magonjwa ya ndani, na familia yake humtembelea bila kuona haya. Jambo hili lina uzito wake, kwa maana watu wenye matatizo makubwa ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, na vifo vingi kati ya hivyo husababishwa na magonjwa ya mwili yanayoweza kuzuilika. Kliniki zote za afya ya akili katika mpango zipewe mizani, kipima presha na kipima sukari, na vitumike kila mgonjwa anapohudhuria.

Kama mkoa una hospitali kubwa ya zamani

Kuipunguza hospitali ya aina hiyo na kuhamishia huduma kwenye jamii kunahitaji subira kuliko sehemu nyingine zote za mpango, kwa sababu historia imetuachia mifano ya kufuatwa na mfano mmoja wa kuogopwa.

Mwaka 1971 Franco Basaglia alikabidhiwa uongozi wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Trieste, Italia, iliyokuwa na wagonjwa wapatao 1,200. Hakuwafukuza. Wafanyakazi waligawanywa katika timu, kila timu ikapewa eneo lake la mji, vikafunguliwa vituo vya jamii ambavyo hatimaye vilikuwa vikitoa huduma saa 24 na kuwa na vitanda vichache vya kumpokea aliyezidiwa, na wagonjwa wakasaidiwa kupata makazi na kazi kupitia vyama vya ushirika. Sheria namba 180 ya mwaka 1978, iliyozuia kulazwa kwa wagonjwa wapya katika hospitali za aina hiyo nchini kote, ilikuja baada ya miaka kadhaa ya kazi hiyo. Brazili nayo, kwa sheria ya mwaka 2001, ilihamishia uzito wa huduma kwenye vituo vya jamii viitwavyo CAPS, na mwaka 2003 ikaanzisha posho kwa watu waliotoka hospitalini baada ya kukaa humo muda mrefu, kwa kutambua kwamba mtu aliyepoteza miaka mingi wodini hawezi kuanza maisha mikono mitupu.

Mfano wa kuogopwa ni wa jimbo la Gauteng, Afrika Kusini. Mwishoni mwa mwaka 2015 idara ya afya ya jimbo ilitangaza kuvunja mkataba na Life Esidimeni, vituo binafsi vilivyokuwa vikiwatunza wagonjwa wa akili wa muda mrefu, na hadi katikati ya mwaka 2016 zaidi ya wagonjwa 1,000 walikuwa wamehamishwa, wengi wao wakipelekwa kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 ulibaini kwamba mashirika 27 yaliyowapokea yalikuwa yakifanya kazi kwa leseni zisizo halali. Watu 144 walifariki. Hoja ya kurudisha huduma kwa jamii ilitumiwa kupitisha uamuzi huo, ilhali jamii haikuwa imejengewa huduma yoyote ya kuwapokea. Yeyote anayepanga kupunguza vitanda anapaswa kusoma taarifa za uchunguzi na usuluhishi wa jambo hilo mwanzo hadi mwisho kabla ya kuandika sentensi moja ya mpango wake.

Kutokana na mifano hiyo, mpango uweke masharti yasiyojadiliwa. Kitanda kisifungwe mpaka huduma itakayochukua nafasi yake iwe imefanya kazi kwa miezi kadhaa na kukaguliwa. Kila anayehamishwa awe na mpango wake binafsi ulioandikwa pamoja naye na familia yake. Faili, dawa na kitambulisho vitangulie au viende naye, visimfuate baadaye. Anakokwenda pakaguliwe na mtu asiyelipwa na wanaompokea. Na kuwe na afisa mmoja, anayejulikana kwa jina, mwenye mamlaka ya kusimamisha uhamisho siku yoyote akiona hatari.

Dawa

Hakuna kinachowarudisha watu wodini kwa haraka kama dawa kukosekana kituoni, na kwa kuwa jambo hili halina mvuto kwenye vikao, nalisisitiza. Orodha ya mkoa iwe fupi na ya uhakika: haloperidoli na risperidoni kwa saikosisi, sindano ya flufenazini inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa, fluoksetini kwa sonona, dawa za kifafa, na benzheksoli au biperideni za kutuliza ukakamavu na mtetemeko unaoletwa na baadhi ya dawa hizo. Litiamu, ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, na klozapini, ya saikosisi sugu, ni dawa nzuri sana, lakini zisisambazwe mahali pasipo na maabara. Kiwango cha litiamu kinachotibu hakiko mbali na kiwango kinachodhuru, hivyo damu, figo na tezi ya shingo lazima vipimwe mara kwa mara, na anayetumia klozapini lazima ahesabiwe seli nyeupe za damu, kila wiki katika miezi ya mwanzo. Valproeti, ambayo ni mojawapo ya dawa za kifafa, isitolewe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kwa hiyo mbadala wake uwepo stoo wakati wote.

Makadirio ya mahitaji yafanywe kwa kuhesabu watu badala ya kunakili agizo la mwaka jana, kwani agizo la mwaka jana hubeba upungufu wa mwaka jana. Ikiwa watu 400 wanachomwa sindano moja kila mwezi, mahitaji ni ampuli 400 kwa mwezi, akiba ya miezi mitatu ni ampuli 1,200, na idadi ile ile ya mabomba ya sindano lazima iagizwe pamoja nazo. Kila kituo kirekodi siku ambazo dawa yoyote ya orodha ilikosekana, na rekodi hiyo ifike mezani kwa mganga mkuu wa mkoa kila mwezi.

Saa za dharura na haki za mgonjwa

Mpango useme wazi nani anaitwa mtu anapozidiwa, saa yoyote. Pale ambapo jibu pekee ni polisi, mgonjwa hufika hospitalini akiwa amefungwa kamba au pingu, amepigwa na amejaa hofu, na matibabu huanzia kwenye jeraha jipya. Timu ndogo ya zamu yenye muuguzi, usafiri na simu inaweza kutuliza hali nyingi nyumbani. Polisi wafundishwe, na waitwe tu panapokuwa na hatari ya kweli.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unawahusu pia watu wenye ulemavu unaotokana na matatizo ya akili, na ibara yake ya 19 inatambua haki yao ya kuishi katika jamii kama watu wengine. Kwa mpangaji, hilo lina maana ya kuandika taratibu: kila tukio la kumfunga mgonjwa au kumtenga kwenye chumba lirekodiwe pamoja na sababu na muda, likaguliwe na mtu wa nje ya wodi, na mgonjwa na familia wawe na njia ya kulalamika isiyopitia kwa wanaowalalamikia. Mkoa ambao haujui ni watu wangapi walifungwa kamba mwezi uliopita hauwezi kusema unaipunguza idadi hiyo.

Kuzuia kujiua hakuishii kliniki

Mchango mkubwa unaweza kutoka nje kabisa ya sekta ya afya. Sri Lanka, ambayo katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na moja ya viwango vya juu zaidi vya kujiua duniani, ilipiga marufuku hatua kwa hatua viuatilifu vya kilimo vyenye sumu kali, na katika miongo iliyofuata kiwango cha kujiua kilishuka kwa takriban asilimia 70. Mkoa hauwezi kutunga sheria ya nchi, lakini unaweza kuwa na takwimu za njia zinazotumiwa katika eneo lake, kushirikiana na maafisa kilimo kuhusu uuzaji na uhifadhi wa sumu, na kukubaliana na vyombo vya habari vya eneo hilo visieleze namna mtu alivyojiua. Aliyenusurika baada ya kujaribu kujiua asiruhusiwe kutoka wodi ya magonjwa ya ndani au ya majeruhi kabla ya kuongea na mhudumu wa afya ya akili.

Vijana na mama wajawazito

Nusu ya matatizo ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, na robo tatu kabla ya kufikia katikati ya miaka ya ishirini, kwa hiyo mpango usio na mahali pa shule umeacha mwanzo wa ugonjwa bila mlinzi. Kila shule iwe na mwalimu aliyefundishwa kutambua dalili na anayejua kituo cha kumpigia. Kwa upande wa wanawake, takriban asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya waliojifungua duniani hupata tatizo la akili, hasa sonona, na viwango ni vikubwa zaidi katika nchi zinazoendelea. Kliniki ya mama na mtoto inayowaona tayari ndiyo mahali pa kuwauliza maswali machache ya uchunguzi, na haihitajiki kliniki nyingine.

Fedha

Bajeti igawanywe katika mafungu mawili tangu mwanzo, la kujenga na la kuendesha, na la pili lipewe kipaumbele. Mishahara, dawa, mafuta ya gari la huduma za mkoba na simu ndivyo vinavyoifanya huduma iwepo mwezi wa kumi na tatu, baada ya mfadhili kuondoka. Ikiwa mkoa unahama kutoka hospitali kubwa kwenda huduma za jamii, kutakuwa na kipindi cha kugharimia mifumo yote miwili kwa pamoja. Kipindi hicho hakiepukiki, kinaweza kuchukua miaka kadhaa, na fedha zake ziombwe waziwazi kama fedha za mpito. Wanaoahidi kwamba mabadiliko yataokoa fedha tangu mwaka wa kwanza hupeleka kamati mahali Gauteng ilipofika.

Unapozungumza na wenye maamuzi ya fedha, hoja ya utu itangulie, lakini usiiache ya uchumi. Utafiti ulioratibiwa na WHO na kuchapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kila dola 1 inayowekezwa katika kutibu sonona na wasiwasi uliopitiliza hurudisha dola 4 kupitia afya bora na uwezo wa kufanya kazi. Omba pia kwamba fungu la afya ya akili liwe na kifungu chake katika vitabu vya mkoa, kwa sababu fedha iliyochanganywa na magonjwa mengine huwa ya kwanza kukatwa.

Vipimo na mapitio

Vipimo viwe vichache, vinavyokusanywa na watu walewale wanaovitumia. Ninapendekeza vitano: asilimia ya walioruhusiwa walioonwa ndani ya siku 7, waliolazwa tena ndani ya siku 30, siku ambazo dawa za orodha zilikosekana, idadi ya waliofungwa au kutengwa, na idadi ya watu waliokuwa kwenye matibabu ambao hawajaonekana kwa miezi mitatu bila yeyote kuwatafuta. Idadi ya vitanda na ya semina zilizofanyika haimo, kwa sababu namba hizo zinaweza kupanda huku hali za watu zikizidi kuwa mbaya. Sambamba na namba, kila mwaka wagonjwa na ndugu wachache kutoka kila wilaya waulizwe kama huduma imewasaidia kurudi kazini, shuleni au kwenye mambo yao, na wanaouliza wasiwe wahudumu wanaowatibu.

Mpango mzima uandikwe kwa muda wa miaka mitano hadi kumi, lakini ahadi zake ziwe za mwaka mmoja mmoja, kila ahadi ikiwa na mwenye kuitimiza na tarehe. Wilaya moja au mbili zianze, ikiwezekana moja iliyo karibu na hospitali ya mkoa na nyingine ya mbali, ili ugumu wa usafiri ujulikane mapema na usiharibu hesabu ya mkoa mzima baadaye. Kila baada ya miezi 12 kamati ikutane kupitia vipimo vile vitano, na iandike katika taarifa yake ni ahadi zipi hazikutimizwa na kwa nini. Nakala ya taarifa hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kituo kilichotajwa katika mpango, ili wanaotibiwa hapo waweze kulinganisha kilichoandikwa na wanachokipata.